Utando wa buibui kwenye tundu la ilimba

Sebuleni kwangu hapa Dodoma kuna ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, niliyoinunua Bagamoyo, na kwa miaka mingi haikuwahi kulia ipasavyo. Nikiipiga, vyuma vinatoa sauti safi, nyembamba, kama kijiko kinachogongwa kwenye glasi ya soda. Wageni wakiiona wanaisifu, wengine wanapiga nayo picha. Rafiki yangu mmoja akanishauri niitundike ukutani juu ya runinga ili ionekane vizuri. Nikaitundika. Nakiri kosa langu mapema.

Aliyeishusha ni bibi jirani yetu, Mgogo wa Mvumi, aliyekuja siku moja kukaa na mke wangu wakichambua mlenda. Alipoinua macho na kuiona, akauliza kwa nini nimeiangika kama nyama. Nikaishusha, nikampa. Hakuipiga. Aliigeuza, akachungulia kwenye tundu lile dogo lililo kwenye ubao, akapuliza humo ndani kama mtu anayepuliza jivu, kisha akanirudishia.

"Mjukuu wangu, hii imekufa. Buibui wake yuko wapi?"

Nilidhani ni uzee. Nikacheka kwa adabu, nikasema, "Hayupo, bibi," nikairudisha ukutani. Usiku huo ndipo nikamkumbuka Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, na sikupata usingizi upesi.

Nilimwona kwa macho yangu Bagamoyo, miaka ya tisini, nikiwa bado navaa kaptura. Mjomba wangu alikuwa akiishi upande ule wa barabara iendayo Kaole, na kila mwaka msimu wa Tamasha la Sanaa ulipofika, alinichukua kutoka Dar es Salaam nikakae kwake siku mbili tatu. Mimi nilikuwa nafuata sarakasi na pweza wa kukaanga. Mjomba alikuwa anafuata ngoma. Basi usiku mmoja pale Chuo cha Sanaa, baada ya kikundi cha vijana wenye kelele nyingi, akaingia mzee mfupi, njuga miguuni, shanga kichwani na shingoni, amepakata kisanduku cha mbao. Hakusalimia. Alikaa, akakisogeza kisanduku tumboni kama mtu anayempakata mtoto anayelia, akaanza.

Kilichonishika kwanza hakikuwa wimbo. Ilikuwa kama kuna kitu kimeharibika kwenye spika. Kila chuma alichokibonyeza kililia, na nyuma ya mlio huo kulikuwa na mwingine unaovuma, zzzz, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibiriti. Nilimgeukia mjomba kumwambia spika imepasuka. Akaniwekea kidole mdomoni. Kisha yule mzee akafungua kinywa, sauti ikatoka chini kabisa, nzito, ya mtu anayenong'ona kisimani, na mara, bila onyo, ikaruka juu ikawa ya mtoto, ikashuka, ikaruka tena. Nilitazama kama kuna mwanamke nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Huyo ndiye Hukwe," mjomba akasema walipopiga makofi. "Mwalimu alimtoa kwenye ng'ombe."

Hivyo ndivyo watu walivyopenda kuisimulia, na haikuwa mbali na ukweli. Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, Dodoma, katika nyumba ya wafugaji, na muziki aliurithi kwa baba yake. Mchungaji wa Kigogo ana saa nyingi za kukaa na ala yake: jua kali, vumbi, mibuyu, na ng'ombe ambao kwa hakika hawana haraka. Baada ya uhuru sifa zake zikamfikia Rais Julius Nyerere, naye akamwita Dar es Salaam.

Ili kuielewa safari hiyo lazima ukumbuke hali ya wakati ule. Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, na akawasema waziwazi wasomi wenzake: tulifundishwa kucheza rumba na cha-cha-cha, lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza gombe sugu au kiduo? Aliyasema hayo mbele ya watu waliovaa suti. Muda si mrefu likaundwa Kundi la Ngoma za Taifa, na watu wa vijijini waliojua kitu fulani kwa undani wakaitwa mjini kukifanya mbele ya taifa zima. Hukwe alikuwa miongoni mwao. Kundi hilo lilipovunjwa, Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, naye akahamia huko, akafundisha, akazaa, akajenga ukoo mzima wa wanamuziki kilomita mia kadhaa kutoka Doduma, kwenye mji wa wavuvi ambako hakuna hata mbuyu mmoja wa kumkumbusha kwao. Hapo nimetia chumvi. Mibuyu Bagamoyo ipo.

Sasa niseme jambo ambalo sisi wa Dar hatupendi kulisema. Katika mtaa niliokulia, neno "Mgogo" lilikuwa tusi jepesi. Maana yake ilikuwa ombaomba anayekaa kivulini barabarani na kopo. Ukienda shule na viatu vilivyotoboka, unaitwa Mgogo. Tulikuwa na utani mwingi juu ya ukame na mlenda, na hakuna aliyetukemea. Njaa imewapiga Wagogo mara nyingi na kweli ilikuwa ikiwasukuma watu kuja mjini, lakini sisi watoto tulidhani ndiyo kabila lenyewe. Miaka hiyohiyo, Mgogo huyu alikuwa akipanda ndege kwenda Uingereza na Japani na kujaza kumbi. Sahani ya santuri ya Tanzania Yetu ilitoka London mwaka 1985. Chibite, aliyorekodi na Charles Zawose, mpwa wake, ilitoka mwaka 1996 katika kampuni ya Peter Gabriel, Real World. Chibite kwa Kigogo ni "twende". Mtu mmoja huku ananunua tiketi kusikiliza kile ambacho mwingine kule anakikimbia akikiita ushamba. Mimi nilikuwa katika hao wanaokimbia, hadi usiku ule wa spika iliyopasuka.

Watu wakimkumbuka Hukwe huzitaja alama zake: ilimba, zeze, njuga, zile shanga. Zimechorwa kwenye matangazo, zimechongwa zikawa mapambo ya hoteli. Naomba nikae kidogo kwenye hizo mbili za kwanza.

Ilimba ni ile ambayo Waswahili wengi huita malimba au marimba ya mkono. Kisanduku cha mbao, juu yake vyuma vyembamba vimebanwa kwa upau, nawe unavibonyeza kwa vidole gumba. Ndogo huitwa chirimba, na wengi waliridhika nayo. Hukwe alikuwa na kubwa, zenye vyuma zaidi ya 60. Ukiziona utajiuliza vidole gumba viwili vinafikaje kote. Jibu ni kwamba havifiki, na wala havitakiwi kufika. Vyuma vingi humo havipigwi kabisa. Vipo ili vitetemeke vyenyewe pale ndugu zao waliopigwa wanapolia kwa sauti inayolingana na yao. Unapiga kumi, wengine wanaitikia. Nilipoelezwa hili na fundi mmoja wa ala nilikaa kimya, maana nilikuwa nimeitazama ilimba yangu miaka yote nikihesabu vyuma vya pembeni kuwa ni mapambo.

Zeze ni la nyuzi na upinde, chombo kinachoonekana hohehahe ukikikuta pembeni ya ukuta. Lakini ukitaka kujua muziki wa Wagogo umetoka wapi, anzia kwenye uzi wake mmoja. Upige uzi uliokazwa, sogeza sikio, usiwe na haraka. Ndani ya sauti ile kuna sauti nyingine ndogo ndogo zimepangana juu yake kama ngazi. Zipo katika kila uzi duniani. Wagogo walichofanya ni kuipanda ngazi hiyo. Mfuatano wao wa sauti tano umechukuliwa humo, toka daraja la nne hadi la tisa hivi, na ndiyo sababu mpiga kinanda wa kanisani akijaribu kuwafuata anakwama: daraja la saba halipo kwenye kinanda. Limeangukia katikati ya vibao viwili, kama shilingi iliyodondoka kwenye ufa wa meza. Mwalimu wangu wa kwaya, Mungu amrehemu, angesema wanaimba nje ya ufunguo. Kumbe wao ndio walio ndani ya uzi, na kinanda ndicho kilichokubaliana na watu wa mbali.

Na kile kivumo? Kile nilichodhani ni spika?

Hapo ndipo alipo buibui wa bibi wa Mvumi. Unavijua vile vikaratasi vyeupe, vya mviringo, bapa, vinavyogandamana ukutani kwenye nyumba zetu, nyuma ya kabati au juu ya fremu ya mlango? Ni nyumba ya mayai ya buibui. Tukijikata utotoni, mama alibandua kimoja akatuwekea kwenye jeraha damu ikate. Wagogo hukibandua wakakigandisha juu ya tundu la ilimba. Chuma kikilia, upepo ndani ya kisanduku unakitikisa kikaratasi, nacho kinavuma. Bila hicho unabaki na sauti safi ya kijiko na glasi. Safi, na kwa sikio la Mgogo, mfu.

Najua wapo watakaoniambia natia maana nyingi kwenye utando wa mdudu. Lakini fikiria mtu anayesafirisha ala yake kutoka Bagamoyo hadi jukwaa la Ulaya, ikapita mikononi mwa wabeba mizigo wa viwanja vya ndege, na kwenye ala yote kitu kisichoweza kununuliwa popote ni kile kikaratasi cha buibui. Chuma kikivunjika, utapata msumari uponde. Ubao ukipasuka, mafundi wapo. Chumba cha hoteli London kinafagiliwa kila asubuhi.

Nadhani hapa ndipo tofauti yetu na Hukwe ilipo. Sisi tumezifanya ilimba na zeze kuwa alama, na alama kazi yake ni kuonekana. Kwake vilikuwa vyombo vya kazi, na alivipenda kama fundi anavyoipenda nyundo iliyoukubali mkono wake. Alivibadilisha bila kuomba ruhusa ya mtu: akaviongezea vyuma na ukubwa. Wanaolia kwamba asili isiguswe wangemkuta ameshaigusa zamani. Mwisho alikubali hata kukaa studio na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, wakatoa Assembly. Mimi binafsi albamu hiyo huisikiliza kwa heshima zaidi kuliko hamu. Gitaa na mashine zimejaza nafasi ambazo ilimba ilikuwa imeziacha wazi makusudi. Ninayorudia ni Mkuki wa Rocho. Ndiyo, jaladani imeandikwa Rocho, na watu wa pwani wamecheka sana. Weka masikioni usiku umeme ukikatika. Utaelewa mkuki umeingilia wapi.

Kulikuwa na alama nyingine aliyoienzi, nayo haishikiki kwa mkono: nchi. Hukwe alimsifu Nyerere na aliisifu Tanzania bila aibu, kwa Kiswahili na kwa Kigogo. Vijana wa leo wakisikia nyimbo za namna hiyo huzikunjia uso, wanaona ni za kuagizwa na chama. Zipo zilizoagizwa, tusidanganyane. Nchi hii iliwahi kuzichukua ngoma zilizokuwa zikichezwa usiku kucha, ikazikata zikawa za dakika saba za kumpokea mgeni uwanja wa ndege, na mchezaji akatakiwa atabasamu muda wote. Hayo yalitendeka. Lakini mtoto wa mchungaji kutoka Doduma, ambaye jina la kabila lake lilikuwa tusi mjini, akiitwa na rais wa nchi akaambiwa chombo chako ni cha sisi sote, ataimba nini? Nikimsikia anaitamka Tanzania, namsikia mtu aliyepewa kitu akakishika kwa mikono miwili. Simlaumu hata kidogo.

Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, siku mbili kabla ya mwaka mpya, wakati ambao hakuna mtu anayesoma gazeti. Mwaka uliofuata Charles naye akafariki. Mjomba alinipigia simu mara zote mbili. Mara ya pili hakusema mengi, aliuliza tu sasa nani ataimba zile za chini na nani za juu.

Jibu lilikuwepo uani kwao muda wote, ila hakuna aliyelitarajia. Kwa desturi ya Wagogo, wanawake ni wa muheme: ngoma ile nyembamba kiunoni wanayoibana katikati ya mapaja na kuipiga wakiwa wamesimama, na nakuhakikishia hakuna mwanamume anayeweza kuipiga vile. Ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume. Wanawake wa nyumba ya Zawose walizunguka dunia wakiitikia na kucheza nyuma. Mwanawe wa kiume, Msafiri, alichukua urithi akaenda nao njia yake, akatoa Uhamiaji mwaka 2017. Kisha mwaka 2024 ikatoka Maisha, katika kampuni ileile ya Real World, na walio mbele safari hii ni Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe, wakijiita The Zawose Queens. Wanaimba wao, na ala za wanaume wanazipiga wao. Nilimpelekea bibi wa Mvumi simu asikilize. Nilitegemea ataguna. Alisikiliza wimbo mzima ameshika simu mbali kidogo na uso, kama mtu anayesoma barua bila miwani, kisha akasema, "Huyu aliyeanza ana koo la kwao." Kuhusu mwanamke kupiga ilimba hakusema neno. Nilipomuuliza, akaniuliza mimi nina ilimba ya nini ukutani na siipigi.

Nikaenda Chamwino mwezi wa saba, kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Kigogo. Nilihamia Dodoma mwaka 2017 pamoja na mafaili ya serikali, na kama watumishi wengi tuliohamishwa, nilikuwa naijua barabara ya ofisini, soko la Majengo, na njia ya kurudi Dar wikiendi. Chamwino ni karibu, na sikuwahi kwenda. Nilikuta vikundi kutoka vijijini, wazee, watoto wa shule ya msingi, vumbi mpaka kwenye meno. Hakukuwa na kipaza sauti cha maana. Nilisogea karibu na mzee mmoja aliyekuwa akipiga ilimba chini ya mti akisubiri zamu ya kikundi chake, nikamsalimia, "Mbukwenyi," kwa lafudhi yangu ya Ilala. Akaitikia "Mbukwa" na kucheka. Zzzz. Nikainama kutazama tundu. Kikaratasi cheupe kilikuwepo, kimegandishwa vizuri, na katikati yake kulikuwa na kiraka kidogo cha kikaratasi kingine.

Nilirudi nyumbani nikavuta kabati la nguo. Nyuma yake vilikuwepo vinne. Mke wangu aliuliza natafuta nini, nikamwambia, akaenda kumwita bibi ili aje ashuhudie. Nilibandua cha kwanza kwa wembe, kikakunjamana kama ngozi ya maziwa. Cha pili kilichanika. Bibi akaninyang'anya wembe, akabandua cha tatu kwa ukucha, akalowesha kingo kwa mate, akakilaza juu ya tundu, akakikandamiza taratibu kwa kidole akizungusha. Tukasubiri kikauke. Alinywa chai nzima katikati ya kusubiri huko, na hakuwa na haraka nayo.

Kisha akabonyeza chuma kimoja.

Mwanangu wa miaka minane, aliyekuwa akitazama katuni, aligeuka akasema runinga imeharibika.

Utando ule ulidumu siku tatu. Nilikuwa nimeuzoea tayari, nikishindwa kupiga chochote kinachoeleweka ila nikibonyeza chuma kilekile kimoja kila nikitoka kazini. Ulipochanika, mtoto ndiye aliyepanda juu ya kiti kuchungulia juu ya fremu za milango, chumba hadi chumba. Alishuka na tando mbili kiganjani, moja imetoboka, akaniuliza kama bibi amelala.